Mjane wa Miaka Kumi na Sita

Nikiwa na miaka kumi na sita nilikuwa nimeshafiwa na bibi yangu. Ukitoka kwetu Lubumbashi umeshashtuka, kwa sababu kwetu neno "bibi" maana yake mke. Mama wa baba yako au wa mama yako, huyo ni kambo. Lakini kambo yangu mimi, mama mzazi wa baba, alikataa kuitwa hivyo. Alisema kambo ni jina la mtu ambaye watu wanangoja afe wagawane masufuria yake. "Mimi ni bibi yako," aliniambia tangu sijajua kufunga kamba za viatu, "na wewe ni bwana yangu."

Kwao Maniema mjukuu na kambo ni watani. Wanaitana mume na mke, wanatukanana wanavyotaka, na hakuna mtu wa kuwaingilia. Basi kila asubuhi nilipotoka kwenda shule alinisimamia mlangoni na kupiga kelele mpaka wa parseli ya tatu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, wasikie: "Bwana gani huyu, anaenda kazini na kaptura?" Nami namjibu nikiwa njiani: "Na bibi gani huyu, meno yake yalienda wapi?" Mama alitugombeza sote wawili. Alituambia majirani watasema nini. Majirani walikuwa wanakuja na viti.

Alikuwa na redio yake ndogo na alizungumza nayo. Mtangazaji akisema, "Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni," yeye alimjibu, "Muzuri tu, na kwako?" kisha alichukia yule mtu alipoendelea bila kumsikiliza. Lakini zikija habari za kwao, kwamba barabara ya Kabambare imefungwa, kwamba vijana wa msituni wameshuka tena upande wa Salamabila na watu wamekimbia, alizima. Hakuzima kwa hasira. Alizima polepole, kama mtu anayefunika chungu kisipoe.

Mimi darasani ni mtu wa kuigiza. Ninaye mkuu wetu wa masomo, anayetikisa kichwa kabla hujamaliza swali. Ninaye mwalimu wa hesabu, anayefuta ubao kwa mkono wa shati halafu anajipangusa uso kwa mkono huohuo. Nimefagia uwanja wa shule mara nyingi kwa sababu ya hao wawili. Lakini sikujifunzia shuleni. Nilijifunzia kwa bibi yangu, maana kila jioni alidai nimwigize yeye mwenyewe. "Onyesha mi niko je leo." Nikainama, nikaweka mkono kiunoni, nikaburuta sandali. Akanikosoa kama mwalimu wa mazoezi: "Mi si muzee hivyo! Inua shingo. Na matako, unaweka wapi matako yangu?"

Mwanzoni mwa kiangazi kimoja akasema anaenda kumsalimia mdogo wake kijijini, kati ya Kasongo na Kabambare. Baba alipinga. Alimwambia anakohoa, alimwambia njia ni mbaya, alimwambia hospitali iko hapa nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa anafunga mzigo wake. Nilimbebea mpaka stesheni, akapanda, akapata dirisha kwa kumsukuma askari, na treni ilipoanza kuondoka alitoa kichwa nje na kuniita mbele ya watu wote wa Lubumbashi: "Bwana! Usioe mwingine!" Behewa zima lilicheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Leo ningetoa chochote nisikie lile behewa tena.

Hakurudi. Alifia kule wakati tuko kwenye mitihani. Habari ilikuja kwa simu ya mtu aliyepanda kilima kutafuta mtandao, na wakati huo risasi zilikuwa zinalia upande ule, kwa hiyo alizikwa na sisi hatupo. Tuliweka matanga yetu wenyewe pale kwetu: turubai, viti vya plastiki vya kukodi, na watu wameinamia simu zao. Nilipojaribu kuchekesha kama mjukuu anavyopaswa, shangazi mmoja alinivuta mkono. "Nyamaza, kuna wageni."

Nikanyamaza, na nilinyamaza vizuri kuliko alivyotaka. Shuleni wenzangu waliniomba mkuu wa masomo, nikasimama, nikafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Nilikuwa kama redio iliyoishiwa mawe yake ya betri. Nilikuwa nimekasirika pia, na nilimkasirikia yeye. Mtu anaachaje hospitali nyuma ya nyumba, anaacha bwana wake, anaenda kufia mahali ambapo dawa inafika kwa baiskeli?

Kiangazi kilichofuata mdogo wake akatuma habari: barabara imepata kupumua kidogo, wataondoa matanga, leteni nguo za marehemu. Siku hiyo ina mambo yake. Wajukuu wanavaa nguo za aliyekufa na kumwigiza kwa mara ya mwisho. Marehemu anatembea, anasema, anagombana na watu. Wakimaliza wanavuliwa, nguo zinagawanywa, na toka hapo hakuna tena mwenye ruhusa ya kumwigiza. Amekwenda. Nilipoelezwa hivyo nilijua ninataka kitu kimoja tu duniani: siku ile niwe mimi ndani ya nguo zake. Na niliogopa kitu kimoja tu: kwamba nitasimama mbele ya ukoo mzima, katika libaya, ile blauzi ya bibi yangu, na mdomo utakuwa mtupu.

Baba hakupata ruhusa kazini. Alimtuma mdogo wake, baba mdogo, na mimi nikamganda mpaka akachoka kukataa.

Treni ya kwetu haina haraka na mtu. Inasimama porini, watu wanashuka, wanapika ugali, wanafua, wanaanika, wanaachana na wachumba, na bado iko palepale. Baba mdogo alilala njia nzima. Mimi nilikaa na mfuko wa nguo mapajani kama mtu aliyebeba mtoto. Tulishuka Samba, tukapanda pikipiki mpaka Kasongo, na pale ndipo nilipogundua kwamba sijui Kiswahili.

Nilikuwa nimemuuliza mwanamke mmoja sokoni, kwa adabu zangu zote, "Mama, bantu beko banaenda wapi?" Aliweka chini bakuli la mchele na kuita wenzake. "Mukuje musikie! Huyu anasema 'bantu'!" Wakaja. Wakanisimamisha katikati ya mchele na samaki wa Lualaba, wakanitaka niseme tena, nikasema, wakacheka mpaka mmoja akashika tumbo. "Watu, mutoto wangu. Sema wa-tu. Watu wanaenda musikitini, ni Ijumaa." Halafu akanijazia karanga kwenye kiganja, kama malipo ya tamasha. Nilipenda Kasongo kuanzia hapo. Mji ambao muadhini akimaliza kengele ya kanisa inapokea, na baiskeli zinapita katikati kama hazihusiki na upande wowote. Na kila mwanamke wa umri fulani alikuwa anasema kama bibi yangu. Kule kwetu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na sauti ile. Nilidhani ameitunga.

Usiku ule baba mdogo alishikwa na malaria. (Alipona, usihangaike, yuko mzima na bado ana usingizi.) Asubuhi alikuwa amelala mkekani, meno yanagongana, na matanga yalikuwa kesho yake.

"Uende," aliniambia.

"Peke yangu?"

"Mi ni mutoto wake. Kazi yangu ni kulia, na nitalia hapahapa. Mjukuu ni wewe."

Akamwita kijana mmoja wa pikipiki anayejua njia ile. Alikuwa motari mwembamba, mwenye kofia ya sufu juani, ambaye miaka miwili alikuwa anapeleka wachimba dhahabu Salamabila na kuwarudisha. Alinitazama, akautazama mfuko. "Mukatanga," akasema, yaani mtu wa kwetu Katanga, na hilo ndilo likawa jina langu njia nzima. "Mukatanga, ushike mi, usishike mufuko. Mufuko ikianguka tutaiokota. Wewe ukianguka, utasema 'bantu, munisaidie' na hakuna mutu atasikia."

Alikuwa mtani wa kweli yule. Alinisimulia abiria aliyevuka daraja la magogo amefumba macho, akaendelea kuyafumba mpaka jioni. Alinionyesha wachimbaji waliokuwa wanarudi kwa miguu, karai kichwani, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akawapigia honi: "Wazee wa dhahabu! Mumetajirika?" Nao wakamjibu, "Tumetajirika funza!" Mimi nilicheka pale wanapocheka wenye adabu, kwa kuchelewa kidogo. Ndani hakukuwa na kitu.

Kisha vikaja vijiji ambavyo motari hakusimulia kitu. Milango ilikuwa imefungwa kwa kamba. Mihogo mashambani ilikuwa imezidi kukomaa na kuota miti, hakuna wa kuing'oa. Mbuzi mmoja alisimama kwenye kizingiti cha shule na kututazama kama mkuu wa masomo. Motari alipunguza mwendo, sijui kwa heshima au kwa kusikiliza. "Watarudi," alisema, bila kugeuka. "Huwa wanarudi." Tulipita hivyo, pikipiki ikinong'ona, mpaka tukafika kwenye kamba iliyovuka barabara, imefungiwa matambara ili ionekane.

Vijana walitoka kwenye majani. Walikuwa na bunduki. Mwingine alikuwa na suruali ya kijeshi na sandali za plastiki, mwingine kaptura ya mpira. Mkubwa wao alikuwa amevaa koti la mvua, na mvua haikuwa imenyesha miezi. Sidhani kama alinizidi miaka mingi.

"Wewe iko nani?"

"Ni mwanafunzi, chef." Chef ni mkubwa, na kila mwenye bunduki ni mkubwa.

"Mwanafunzi anatafuta nini huku? Masomo iko kule mumetoka."

"Naenda matanga, chef. Matanga ya bibi yangu."

Yaani nilikuwa nimelisema neno lile maisha yangu yote. Halikupita hata kwenye akili, lilitoka lenyewe. Lakini pale, kama kwetu, bibi ni mke. Yule kijana alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, safari ambayo si ndefu.

"Bibi yako."

"Ndiyo, chef."

"Uko na miaka ngapi?"

"Kumi na sita."

"Na ulishaoa, na bibi amekufa."

Nilifungua mdomo nieleze, lakini alikuwa ameshaushika mfuko. Alitoa kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga. Alitoa libaya, akaikunjua mbele ya jua, na ilikuwa pana, bibi yangu alikuwa na mwili wake. Alitoa suruali ya ndani ya bibi yangu, nyeupe, kubwa kama pazia la altare. Nyuma yake mtu alicheka, akanyamazishwa.

"Alikuwa na miaka ngapi, huyu bibi yako?"

"Zaidi ya sabini, chef."

Sasa hakuna aliyecheka. Nilimwona anawaza, na niliona vizuri anawaza nini: mtoto wa mbali, Kiswahili cha mbali, anaingia msituni na nguo za mwanamke mzee, na majibu yake hayana kichwa wala miguu. Watu wamepenya njia ile wamevaa nguo za wanawake, na si kwa ajili ya matanga. "Huyu ni mupelelezi," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Chef," motari akasema, mikono juu, pikipiki imeegemea tumbo lake. "Chef, huyu ni Mukatanga, mudomo yake imepinda. Bibi anasema ni kambo! Kambo yake. Yeye ni mjukuu tu."

"Nimekuuliza wewe?"

"Apana, chef."

Koti la mvua lilinikaribia. Lilinuka moshi. "Wewe ni mjukuu?"

"Ndiyo."

"Mjukuu anajua kazi yake. Kambo yako alikuwa anatembea je? Onyesha."

Nilikuwa nimemwigiza bibi yangu mara elfu, sebuleni, jikoni, kwenye foleni ya maji. Niliinama. Niliweka mkono kiunoni. Nilitembea kutoka kwenye kamba mpaka kwenye pikipiki.

"Ile si kambo," akasema. "Ile ni bata."

Wenzake wakacheka. Nikarudia. "Sasa ni bata mugonjwa." Nikarudia tena, nikainua shingo, nikakumbuka matako, na nilijua mwenyewe. Nilikuwa nafanya hesabu ya bibi yangu, kiungo kwa kiungo, na yeye hakuwamo. Nikasimama. Sijui kwa nini nilisema ukweli, labda kwa sababu uongo ulikuwa umeisha.

"Haikuji, chef. Toka alikufa haikuji."

Kisha akashusha bunduki begani, akaigeuza mdomo chini, akaiegemea kama fimbo, na mgongo wake ukakunjika. Sijawahi kuona kitu kama kile, na mimi ni mtu wa fani. Taya lilianza kutafuna hewa. Jicho moja likajifumba kidogo. Alifukuza kuku ambao hawakuwapo, "Shii! Shii!", akasimama, akaangalia njia, akaita kwa sauti nyembamba ya kikongwe, "Wee! Maji iko wapi? Umeenda kuchimba mto?" na nikaapa kwamba kuna mtoto mahali anakuja mbio na ndoo. Wenzake hawakucheka. Mmoja alisema polepole, "Ni yeye kabisa."

"Na matanga yake ulienda?" Huo ni mdomo wangu. Huwa haubishi hodi.

Alinyooka, na yule kikongwe akaondoka. "Sikuenda," alisema. "Barabara ilifungwa."

Nani aliyeifunga sikuuliza. Hata mdomo wangu una breki siku moja moja. Motari alikohoa, akatazama mbali.

Alizikunja nguo mwenyewe, moja moja, vizuri kuliko mama yangu, hata ile suruali ya ndani. Akanirudishia mfuko, akashusha kamba kwa mguu. Tulipovuka mto mdogo motari alicheka peke yake muda mrefu, cheko la mtu anayetetemeka. "Sabini," alisema. "Mukatanga. 'Zaidi ya sabini, chef.'"

Tulifika alasiri iliyofuata, siku yenyewe, maana pikipiki ilitulaza njiani kwa mnyororo uliokatika. Nilisikia ngoma kabla sijaona nyumba. Nilisikia harufu ya mawese na ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa. Mwanamke mdogo, mkavu, aliacha mwiko ndani ya chungu akaja, na alikuwa na paji la uso la bibi yangu juu ya mwili wa mtu mwingine. Huyo ndiye mdogo wake. Alinizunguka mara moja kama mtu anayenunua mbuzi.

"Njo huyu bwana?" akauliza watu. "Yaya alinidanganya. Alisema ni muzuri." Yaya kwao ni dada mkubwa, na njo ni ndiye. Watu wakalipuka kwa kicheko, yeye akanishika mashavu kwa nguvu na mikono yenye sombe, hakulia, na mimi sikulia, tukabaki hivyo.

Mchezo ulikuwa umeshaanza. Mjukuu mmoja wa pale kijijini, msichana wa rika langu, alikuwa katikati ya uwanja akiwa bibi yangu. Alikuwa amefunga kikwembe juu ya magoti. Alipiga mluzi kwa vidole viwili. Aliiba muwa, akakimbia, akapanda ukingo wa kisima, akamtukana katekista, akacheza kiuno mpaka wazee wanapiga makofi. Watu walikuwa wanacheka hadi machozi, "Njo yeye! Njo yeye!" na mimi nilikuwa nimesimama pale na mfuko wangu, moto umenipanda kifuani. Bibi yangu hakupiga mluzi hata siku moja. Bibi yangu alipanda kitanda kwa shida.

"Huyo si yeye," nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Msichana alisimama, mkono kiunoni, bado bibi yangu nusu. "Wewe Mukatanga, ulimujua lini? Sisi tumesimuliwa hapa kila siku."

"Nimekaa naye nyumba moja miaka yote!"

"Nyumba ya nani? Hapa ndio kwake!"

Tungefika mbali, lakini mdogo wake aliinua mwiko. "Munyamaze. Huyu yenu ni yaya ule aliondoka hapa kijana, na wanaume wa treni wakimuangalia." Akanigeukia. "Sasa tuone ule alirudi. Wewe njo unamujua. Ingia uvae."

Ndani ya nyumba kulikuwa na giza na baridi. Nilivaa kikwembe, nikavaa libaya, ambayo vifungo vyake viko mgongoni, na msichana wa mluzi akaja kunifungia, bila kunitazama, akivuta kwa nguvu ya makusudi. Nguo ilinuka sabuni na tumbaku ya pua. Nikafunga kitambaa kichwani. Nikatoka, na uwanja ukanyamaza wote, hata ngoma.

Hakuna kilichokuja. Jua lilikuwa machoni, watu walikuwa wananingoja, na mdomo wangu ulikuwa mtupu kama nilivyojua utakuwa. Basi nikaacha kufikiria viungo. Nikafikiria tu njia yetu ya kutoka sokoni mpaka nyumbani, na nikaanza kuitembea.

Bibi yangu hakuwa anaweza kupita kwenye njia ile bila kugombana. Kila parseli mbili alisimama, akashika ukuta wa mtu, akautukana. "Huu ukuta, nani alijenga, mulevi?" Mbele kidogo tena, anashika mlango wa mtu mwingine: "Na hii rangi? Walikosa rangi au walikosa macho?" Mimi nilimpenda kwa hilo kuliko kitu kingine chochote. Nilidhani ni mkorofi kama mimi. Basi nikatembea hatua chache, nikafika kwenye jiko la mdogo wake, nikashika ukuta wa udongo, nikasema kwa ile sauti, na safari hii ilikuwa ile sauti, "Hili jiko, mulijenga ama lilianguka likabaki hivi?"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Na mimi, nikiwa nimeinama, nikiwa na uzito wa kitambaa kichwani na mkono ukutani, niliona mkono wangu. Mkono ulikuwa umeushika ukuta kwa nguvu. Nilikuwa nahema. Alikuwa anapumzika. Miaka yote ile, kila ukuta, kila mlango, kila tusi, alikuwa mtu mgonjwa anayepumzika, na hakutaka bwana wake ajue.

Nilikaribia kutoka ndani yake pale. Lakini watu walikuwa wanacheka na yeye alikuwa hajamaliza, kwa hiyo nilikwenda. Nilimtukana mbuzi. Nilitukana baiskeli ya katekista. Nilishika bega la msichana wa mluzi na kuuliza nani alimsuka nywele hizi, mtu au mbuzi, na alicheka mpaka akasahau kunichukia. Nikafika mbele ya mdogo wake, na yeye hakuwa anacheka.

"Yaya," alisema.

Watu wakanyamaza kidogo kidogo. Alikuwa anazungumza nami, lakini macho yake yalikuwa mahali pengine, kwenye kitambaa, kwenye libaya.

"Yaya, kule kwa mutoto wako hospitali iko nyuma ya nyumba. Hapa hata aspirini iko mbali. Ulirudi kwa nini? Ulirudi kunipa kazi tu? Nilikubeba mugongoni kama mutoto muchanga."

Hilo lilikuwa swali langu. Nilikuwa nimelibeba kwa treni na kwa pikipiki, chini ya zile nguo, na sasa ananiuliza mimi. Lakini aliyeulizwa hakuwa mimi.

"Kule nikikufa," nilisikia sauti ikisema, "watu wanakaa kwa viti vya kukodi, wanaangalia simu. Nani angenicheka?"

Mama mmoja alitoa sauti, kama mtu aliyechomwa. Mdogo wa bibi yangu hakutikisika. Basi nikaongeza, "Na mugongo yako ilikuwa inakaa bure tu, haina kazi."

Alinipiga kofi la bega. "Muongo! Ulifuata sombe yangu!"

"Sombe yako haina chumvi."

"Haina chumvi! Na ulikula sahani mbili mpaka juzi ya kufa! Watu wote hapa ni mashahidi!" Mashahidi wakaitika. Na mimi, ndani ya libaya, nikasikia habari ambayo simu haikutuletea: kwamba alikula. Kwamba alikula sahani mbili, watu wakimtazama.

"Na muchana ule," mdogo wake akaendelea, na sasa sauti yake ilishuka, "muchana ule, yaya, ulinituma kuanua mihogo. Ulisema mbuzi wanakuja. Nilienda. Nilirudi, na karai kichwani, na wewe umeshaenda. Kwa nini haukuningoja?"

Nikaelewa kwamba mwaka mzima mwanamke huyu alikuwa anaweka karai chini, kila siku, mbele ya mlango uleule. Na kwamba hakuna mtu duniani wa kumjibu isipokuwa mtoto wa mjini aliyevaa nguo ya kukopa.

"Ningekungoja," nilisema, "na mihogo ingeliwa na mbuzi. Halafu watu wa matanga mungekula nini?"

Mdogo wake akaanza kucheka, kutoka chini, cheko la bibi yangu kabisa. Alikaa chini vumbini, na huku anacheka alikuwa analia, wanawake wakamzunguka, na ngoma ikaanza kabla ya mtu kuiambia ianze. Na mimi nilikuwa nalia ndani ya kitambaa cha bibi yangu, mara ya kwanza toka simu ile, na hakuna aliyeniambia ninyamaze, kwa sababu hata kulia kwangu walidhani ni mchezo, wakashangilia.

Mzee aliyesimamia siku ile akanyanyua mkono. "Imetosha," alisema. "Mumuvulishe. Aende."

Nilijua maana yake. Nikivua, hataigizwa tena. Msichana wa mluzi alikuja, lakini mdogo wake alikwisha kunyanyuka, akajipangusa vumbi, akamsukuma kando. Akanigeuza, nikampa mgongo. Vidole vyake vilikuwa bado vina mawese na vilikuwa vinateleza. Alivifungua vile vifungo polepole, kimoja kimoja, na kila kimoja alikitukana kwa Kibangubangu, lugha ya kwao.

Sikumharakisha.